Raha Uliyoniuliza, Zuhura

Dar es Salaam,
Jumamosi

Mdogo wangu Zuhura,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Natumaini hapo Kigombe mmeamka salama, Mama na goti lake, na wewe na mashavu uliyorudi nayo kutoka JKT. Mimi ni mzima wa mwili. Kwa desturi hapa ningeongeza kwamba mengine yote ni kheri, lakini leo kalamu imekataa.

Barua yako imenifikia jana. Unasema vyuo vyote viwili vimekukubali, hiki changu cha mjini na kile cha kilimo cha bara, na jibu linatakiwa kabla mwezi haujaisha. Unasema Mama kishaamua: "Ende kwa kakaye, atamtazama." Halafu ukauliza swali ambalo tangu nije huku hakuna aliyewahi kuniuliza: eti wanafunzi wa huko wana raha? Nilicheka peke yangu, mpaka mwenzangu wa kitanda akadhani nimeandikiwa na mchumba.

Naam, mwenzangu wa kitanda. Chumba kilijengwa kwa watu wawili, tumo sita. Tunalala mzungu wa nne, kichwa changu kwenye miguu ya kijana wa Tabora ambaye yeye na maji hawapatani.

Utauliza, mbona uliandika kuna bwalo na kuku kila Jumapili? Lilikuwapo, sikukudanganya yote. Mwaka wa kwanza tulikula mpaka tukawa tunachagua mapaja. Kisha tukaambiwa zama zimebadilika, kila mtu achangie, na bwalo akapewa mfanyabiashara. Sasa anawauzia chipsi wenye nazo, na sisi wengine tunapika uji chumbani kwa jiko la koili tunalolificha chini ya kitanda, maana msimamizi wa bweni akiliona halirudi. Kila mtu anakula ameupa mlango mgongo, ili asilazimike kumwambia mwenziwe karibu. Mimi, mtoto wa Kigombe, nimefika mahali pa kula nimetia komeo.

Na ile picha iliyo ukutani hapo nyumbani, nimesimama ngazini na koti, koti si langu. Tulikuwa watu tisa tukipokezana koti moja, kila mmoja anatabasamu zamu yake ikifika, picha ziende makwao. Sikuona vibaya. Kwetu aliye mbali hujisitiri, akieleza shida zake huwa kama amewatukana waliomsafirisha. Ndivyo alivyofanya binamu yetu Salimu alipokuwa anakuja Idi na mashati yake na sifa za chuo, nami, niliyekubaliwa na vyote viwili kama wewe, nikakiacha kile cha bara nikakimbilia hiki. Siku moja nilimlaumu. Akaniambia, "Bakari, ningekwambia kweli ungeniamini?" Nisingemwamini. Ningesema ana choyo. Huenda nawe unasema hivyo sasa hivi.

Kile cha bara nimekiona kwa macho yangu, nilipokwenda kumtembelea Daudi, yule Msambaa wa Mlalo niliyesoma naye sekondari Tanga. Si peponi. Kuna matope, kuna mbu, na maharage yao yana wadudu kuliko ya kwetu. Bwalo lao nalo limeyumba. Lakini wao walikwenda kuomba kipande cha shamba la chuo, wakapanda mchicha na bilinganya, na saa ya chakula wanakaa sita sita kwenye sinia. Mwalimu wao, mtu mwenye udaktari wake, alitukuta kwenye matuta amekunja suruali, akamwuliza Daudi kama mguu wa mama yake umepona. Mimi huku mwalimu ananijua kwa namba. Kwenye sinia letu kulikuwa na msichana mmoja wa Maramba, mdomo kama wako, akanitazama akasema, "Wewe wa mjini, mbona wala kama wafukuzwa?" Wakacheka wote, nami nikacheka. Kisha nikaona aibu, kwa sababu alisema kweli.

Najua yatakayosemwa. Shangazi Mwanakombo atasema wenzio wanasoma walikimbie jembe, wewe unalifuata mpaka chuoni. Mwache aseme. Mimi nasoma sheria, na sheria niliyoishika barabara ni ya foleni ya maji.

Limebaki lile la Mama, kwamba nitakutazama. Zuhura, wiki mbili baada ya mimi kurudi kutoka mazishi ya Baba, wanafunzi tuligoma kwa ajili ya chakula. Chuo kikafungwa, tukapewa barua za kurudi makwetu na kuripoti kwa wenyeviti wa vijiji. Sikurudi. Nilikaa Temeke nikitandaza mitumba chini. Siku ya arobaini ilipokaribia, chuo bado kimefungwa, nikawaandikia kwamba nina mitihani. Nauli nilikuwa nayo. Nilichokosa ni uso wa kukaa jamvini nikaulizwa chuo vipi. Nawe ukanijibu kwa furaha kwamba baada ya khitma Mwalimu Shee aliwaomba watu wanyanyue mikono waniombee mitihani, na Mama akaitikia amin huku analia. Kijiji kizima, Zuhura, katika arobaini ya Baba, kiliniombea mtihani ambao haukuwapo.

Huyo ndiye wa kukutazama. Mimi nasema nenda bara. Lakini jibu liandike wewe, kwa mkono wako, na lipeleke posta mwenyewe kabla wakubwa hawajakaa kikao.

Nisalimie Shangazi Mwanakombo na karai lake la samaki, kabla hajaanza kukusema. Nisalimie Mwalimu Shee wa madrasa, na Bibi Kidawa jirani yetu, mwambie dawa yake ya macho nimeipata. Barua hii usimsomee Mama, wala usimpe salamu zangu. Nakuja Alhamisi. Shikamoo nitampa mwenyewe, na akishaniitikia marahaba nitamwambia nilikuwa wapi siku ya arobaini ya mumewe.

Ni mimi kaka yako,
Bakari