Ushindi wa Nyandeng Nilioufuta

Jumapili, saa tisa alasiri, Kakuma.

Upepo umekuwa ukivuma tangu asubuhi na mabati ya nyumba ya mama hayatulii. Nimeketi kwenye kivuli cha ukuta, simu mkononi, vumbi ndani ya chai. Nina wivu. Naliandika neno hilo mwanzoni kabisa, kabla sijapata njia ya kuliita jina jingine.

Kazi yangu, kwa mnaoingia hapa mara ya kwanza, ni kuandika hotuba na taarifa za idara moja kule Lodwar. Wiki mbili zilizopita bosi aliniwekea faili mezani.

"Akiru, huyu bingwa wa gofu anakuja Kakuma. Andika mafanikio yake yote, ukurasa moja, isomwe kabla aongee. Na usisahau kuweka binti wa Turkana."

Binti wa Turkana ni mimi.

Nyandeng, huyo bingwa, alizaliwa Sudan Kusini, akaletwa hapa kwenye kambi ya wakimbizi akiwa mgongoni mwa mama yake. Mimi nilizaliwa hapa, ng'ambo ya pili ya laga, huu mto mkavu wa Tarach unaotenganisha mji na kambi. Tumekua pamoja na sijawahi kumwita mgeni. Lakini siku ile, nikiwa nimeshika faili lake, ghafla nilikuwa Mturkana kuliko babu yangu.

Nikaandika. Mataji matano ya wachezaji wa kulipwa: mawili Nairobi, moja Kigali, moja Lusaka, moja Marrakech. Mara tatu mchezaji bora wa mwaka miongoni mwa wanawake. Lusaka aliingiza mpira shimoni kwa mkwaju mmoja tu, kutoka mbali, kamera zikimwona. Amezunguka nchi ambazo mimi nazijua kwa ramani ya darasani, akisafiri kwa hati ya wakimbizi, akichelewa uwanja wa ndege huku wenzake wakipita. Kila sentensi niliyoandika ilikuwa ya kweli na kila sentensi ilinichoma.

Nikiri jingine. Mashindano ya Marrakech niliyatazama kwa simu, nimejifungia chooni ofisini. Alipofika kwenye kidimbwi niliomba mpira wake uingie majini. Fikiria, Mturkana anaombea maji mpira wa mwenzake, na mbuzi wa nyumbani hawajanywa.

Haukuingia.

Sasa niseme wivu huu ulikozaliwa. Utotoni tulicheza kwenye laga. Tulikuwa tunaokota makoma, yale matunda magumu ya mkoma, tunayapiga kwa fimbo za kuchungia mbuzi mpaka kwenye shimo tulilochimba. Koma likizama mchangani, sheria yetu iliruhusu uchimbe pembeni yake kwa vidole, kama unavyochimba kutafuta maji, mpaka lionekane vizuri. Ndipo unapiga. Hakuna aliyenishinda, na Nyandeng alijaribu kila siku ya likizo kwa miaka.

Padri mmoja mzee wa misheni alituona. Akaleta fimbo kuukuu za gofu, akatengeneza mashimo matatu nyuma ya kanisa, mchanga wake umemwagiwa oili chafu ili upepo usiubebe. Akatupa kila mmoja kijitabu cha sheria. Nyandeng alikisoma mpaka jalada likatoka. Mimi nilikuwa bingwa wa Tarach, nisome nini? Changu mama aliwashia jiko.

Tulipofika miaka kumi na sita padri alitupeleka Kitale kwenye mashindano ya vijana. Nafasi ilikuwa moja: msichana atakayeshinda angebaki huko, asome na afundishwe gofu na mwalimu. Sikuwahi kuona majani mengi vile. Nilicheza kama mtu anayetembea juu ya kitanda cha watu, naogopa kuchafua. Kisha mpira wangu ukaingia kwenye shimo la mchanga, na nilipoona mchanga moyo ukatulia. Hapa ni nyumbani, nikajiambia. Nikachuchumaa, nikachimba kwa vidole pembeni ya mpira, nikaupiga ukatoka vizuri sana.

Nyandeng ndiye aliyekuwa akiandika kadi yangu ya kuhesabu mikwaju. Alinitazama, akameza mate, akainua mkono kumwita msimamizi.

"Amechimba mchanga," akasema. "Kwa mkono."

Mikwaju miwili ya adhabu. Yeye akabaki Kitale, mimi nikarudi na padri, na kuanzia siku hiyo nimekuwa na hadithi ya kusimulia. Nimeisimulia kwa mume wangu, kwa dada zangu, kwa kila mtu aliyekunywa chai na mimi ofisini: kwamba nilishindwa kwa mkwaju mmoja, na kwamba rafiki yangu angenyamaza, leo bingwa angekuwa mimi. Nimeisimulia miaka kumi na minne. Imekuwa tamu kila mara.

Sasa rudi kwenye lile faili. Watu wake walikuwa wameandika orodha kwa mpangilio wa miaka, na ya kwanza kabisa, kabla ya Nairobi na Lusaka, ilikuwa Kitale. Waliambatisha picha ya ubao wa matokeo. Nyandeng, themanini na nane. Akiru, tisini na tatu. Na kwenye gofu mwenye mikwaju michache ndiye mshindi.

Mikwaju mitano.

Ondoa miwili ya adhabu, inabaki mitatu. Angenyamaza, bado angenishinda. Nadhani nimelijua hilo tangu jioni ile nikisimama mbele ya ule ubao, ila nililifukia mapema na nikaendelea kutembea juu yake. Niliitazama picha, nikaangalia kama kuna mtu nyuma yangu, kisha nikaufuta mstari wa Kitale. Nikaanza na Nairobi. Bosi akasoma, akasema safi sana.

Jana ndiyo ilikuwa sherehe, kwenye uwanja wa shule hapa Kakuma. Watu wa mjini na watu wa kambini, hema moja. Akina mama wa Kiturkana waliimba, akina mama wa Kidinka wakapiga vigelegele. Nilimtafuta Nyandeng kwa macho ya kutafuta kasoro. Amenenepa kidogo. Mkono wake wa kushoto umefifia rangi kuliko wa kulia kwa sababu ya kuvaa glavu, na hata huo mkono niliuonea wivu.

Bosi alisoma ukurasa wangu, akamaliza na mcheza kwao hutunzwa, watu wakapiga makofi. Nyandeng akachukua kipaza sauti.

"Ejok, Kakuma," akasalimu kwa Kiturkana, umati ukajibu. "Hii karatasi ni nzuri, mimi nashukuru. Lakini iko kitu moja imesahaulika. Kitale. Hiyo ndiyo ya kwanza na hiyo ndiyo kubwa. Kwa sababu huko nilishinda mtu alikuwa ananishinda kila siku hapa Tarach, mpaka nalia. Akiru, simama watu wakuone."

Nikasimama. Walinipigia makofi watu ambao hawakujua wanapigia nini. Kwa nusu dakika nilifurahi kama mtoto, na sioni haya kuisema furaha hiyo. Kisha nikakumbuka nani alifuta mstari ule.

Baada ya chakula akanijia, akanikumbatia, kisha akanishika mabega.

"Wewe ndiyo uliandika ile karatasi."

"Ndiyo."

"Nilijua. Mtu mwingine angesahau Lusaka." Akacheka, na hakukuwa na sumu ndani ya kicheko chake, nilikisikiliza vizuri.

Ningeishia hapo ningerudi Lodwar salama. Lakini Esekon, ambaye meza yake ofisini inatazamana na yangu na ameisikia hadithi yangu labda mara ishirini, alikuja na soda mkononi akitaka picha na bingwa. Esekon hana ubaya. Ana mdomo tu.

"Madam bingwa, huyu wetu hutuambia ulimshinda na mkwaju moja tu. Hutuambia ungenyamaza kuhusu ule mchanga, leo ni yeye tungekuwa tunapokea. Ni ukweli?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Nyandeng alinitazama. Anakumbuka kila kadi aliyowahi kuandika, kazi yake ni hiyo, na ile picha ya ubao ameihifadhi miaka yote. Niliona macho yake yakihesabu. Kisha akamgeukia Esekon.

"Ni ukweli," akasema. "Ilikuwa moja tu. Karibu sana."

Akapiga picha naye, akavutwa na watu wengine, akaenda.

Sikulala vizuri na asubuhi kanisani sikusikia mahubiri. Msichana ambaye hakuweza kunyamazia vidole vyangu kwenye mchanga, hata kwa rafiki yake, hata kwa machozi niliyomlilia nyuma ya gari la padri, jana amesema uongo mbele ya watu ili mimi nisiaibike. Amebeba sheria ile nchi nyingi, na alipoiweka chini aliiweka kwa ajili yangu. Mataji matano sijui kama yananiuma kiasi hicho.

Kwenye pikipiki za hapa wameandika mwenye wivu ajinyonge. Mimi sijinyongi, nina watoto na nina kazi kesho. Na sitadanganya kwamba wivu umeisha. Leo nikimwona tena kwenye simu amebeba kikombe nitazima, najijua.

Lakini ule ukurasa unawekwa kwenye tovuti ya idara kesho saa mbili asubuhi, na anayeuweka ni mimi. Nimeufungua hapa kwenye simu, vumbi likigonga kioo, nikaurudisha mstari. Esekon atausoma. Mume wangu atausoma. Ofisi nzima itausoma wakinywa chai, kama walivyokunywa wakinisikiliza miaka hii yote.

Sasa mafanikio ya Nyandeng yanaanza hivi:

Kitale, mashindano ya vijana. Nafasi ya kwanza. Alimshinda Akiru wa Kakuma kwa mikwaju mitano.