Namba ya Motoka ya Papa Antoine

Jumatatu, 9 Juni 2025

Barua imefika. Wakusanyaji wa magari ya zamani kule Milano wamekubali kuiweka motoka yetu kwenye mnada wao wa Septemba. Kwanza watamtuma mtaalamu wao, Bwana Ferrante, aje aikague. Jumamosi atakuwa hapa mtaani Bel-Air, ndani ya parsele yetu, uani kabisa. Mume wangu Gauthier aliisoma barua mara tatu, kisha akaenda kunawa mikono iliyokuwa safi tayari.

Miaka minne. Yeye bati, injini na rangi. Mimi viti, zulia, dari — na picha. Kila hatua nimeipiga picha, maana watu hao hawaamini maneno matupu. Alfa Romeo ya 1967. Tulipoitoa kwa Mama Madeleine, mjane wa mwenyewe, mtaa wa Makomeno, kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Sasa ukisimama kando yake unajiona ubavuni mwake.

Kazi yangu wiki hii: kupanga dosie, faili lenye karatasi na picha zake.

Jumanne, 10 Juni

Nimempigia Mama Madeleine, nimemwalika Jumamosi. Ana miaka themanini na moja. Motoka ilikuwa ya marehemu mume wake, Papa Antoine, mtoto wa mfanyakazi wa reli, aliyesoma mpaka akawa injinia. Aliinunua mpya kabisa. Mama alitukabidhi kwa sharti moja tu: jina la mume wake liandikwe kwenye dosie.

"Bajue kama ilikuwa motoka ya muntu wa hapa," alisema siku ile.

Leo aliuliza avae nini.

Jumatano, 11 Juni

Leo nimeanza kupanga picha.

Picha yangu ya kwanza ya namba ya chasi, Machi 2021: ukuta wa bati nyuma ya injini, kutu tupu, namba inaishia 417. Dosie aliyochapisha Gauthier inasema 092. Nilidhani amekosea kuandika. Nikaenda garaji, nikafungua boneti. 092. Nikapitisha kidole. Chini ya rangi kuna mstari mwembamba, kama kovu la upasuaji, unaizunguka namba pande zote nne.

Nikarudi kusoma dosie yote, neno kwa neno, nikitafsiri kwa simu. Mwenye motoka wa kwanza: Mbelgiji fulani, dereva wa mashindano. Papa Antoine hayumo. Hata mstari mmoja.

Nilipika. Tulikula.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimuuliza asubuhi, nikimwita kwa jina la binti yetu. Alikuwa chini ya motoka, naona miguu tu.

"Papa Séphora, 417 ilienda wapi?"

Miguu ikaacha kusogea. Baadaye akajitoa, akakaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Hakukana. Ile Alfa iliyoungua Likasi, aliyoinunua mwaka juzi kwa ajili ya vipuri — kilichopona ni ule ukuta wa nyuma ya injini, wenye namba. Na karatasi zake zote, tangu kiwandani. Karatasi za Papa Antoine zilipotea mwaka 1991, wanajeshi walipopora mji. Basi alikata kipande cha Likasi, akakichomelea kwetu. Juma lile nilikuwa Ruashi, nikimuuguza dada yangu.

"Motoka bila karatasi, bale bantu habataiangalia hata," alisema. "Minafanya nini? Minairudishia kuku?"

"Na Mama Madeleine?"

"Atafurahi kuiona. Dosie iko mu Kiitaliano. Hatajua."

Hapo ndipo niliumia. Namba ningeweza kuimeza, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa ameshafikiria mpaka lugha ambayo mama yule hataisoma.

Kisha akasema nifute ile picha. Moja tu. Ndoa yetu ina miaka ishirini na sita, na hajawahi kuniomba kitu kwa sauti ndogo namna ile. Heri angenifokea.

Ijumaa, 13 Juni

Sijafuta. Sijamwambia kwamba sijafuta.

Mchana nilimpigia Mama Madeleine nimwambie asije, mgeni ameahirisha, uongo wowote. Akaniwahi yeye: ameshasuka nywele, na Guelor, mtoto wa kaka yake, ataomba ruhusa kazini amlete. Nikamwambia karibu, Mama.

Gauthier anapiga polishi pale palipokwisha kung'aa.

Jumamosi, 14 Juni

Naandika nimekaa kwenye ngazi ya baraza. Wote wako mbele yangu. Nisipoandika sijui nitafanya nini.

Ferrante alifika saa tatu. Mwembamba, mpole, anasema Kifaransa cha polepole. Alianza na viti. Alifuata mshono wangu kwa ukucha, mwanzo hadi mwisho, akasema hata Milano haoni tena kazi kama hii. Nusura nilie. Halafu akafungua boneti. Tochi yake ilikaa mahali pamoja muda mrefu. Akatoa kidude cha kupima unene wa rangi, akakigusisha hapa, pale, tena hapa. Akamuuliza Gauthier kama ukuta huu uliwahi kutengenezwa. Gauthier akasema kutu kidogo tu.

Wakati huo huo Mama Madeleine akaingia getini, ameshikwa mkono na Guelor. Amejifunga pagne ya buluu. Kwapani ana picha yenye fremu: yeye na Papa Antoine mbele ya kanisa, siku ya ndoa, na nyuma yao Alfa ile ile. Akaenda moja kwa moja kwa Mwitaliano, akamwonyesha mume wake kwenye picha.

"Njo bwana yangu huyu. Na njo motoka yake."

Ferrante hakuelewa maneno, lakini picha aliielewa. Akaitazama. Akaitazama dosie. Akanigeukia mimi, kwa kuwa jina langu liko chini ya kila picha, akauliza kwa Kifaransa: Madame, motoka ya mama huyu ni hii, au ni nyingine?

Gauthier alinitazama. Sikuwa nimeamua. Naandika ukweli: hata Ferrante alipomaliza kuuliza, sikuwa nimeamua. Nikasikia sauti yangu ikisema ni hii. Namba yake ni 417. Hiyo nyingine imechomelewa. Picha ninayo.

Ferrante akasema lazima aongee na Milano, akaenda getini na simu yake. Mama Madeleine anajua Kifaransa kuliko sisi sote. Alisikia kila neno. Gauthier akaingia kwenye motoka, akajifungia kwa ndani, akawasha injini. Inaimba vizuri. Kazi yake hiyo, hakuna wa kumnyang'anya.

Mama ameachia mkono wa Guelor. Amezunguka mbele ya motoka, taratibu, mpaka upande wa abiria. Amesimama kwenye mlango, kando ya kiti alichokuwa akikalia zamani.

"Gauthier, mwanangu, fungula. Miye njo nilikuwa nakalaka hapa."

Gauthier anatazama usukani. Mama hagongi kioo. Anangoja tu, kama mtu mwenye haki ya kungoja. Ferrante ameshusha simu, anawatazama.

Mkono wa Gauthier umetoka kwenye usukani. Uko kwenye goti lake. Bado hajafungua. Naweka kalamu chini, naenda kusimama na Mama.