Kitabu cha Halina

Jumanne, Nunguni

Laiti nisingekubali kumtafsiria Halina. Maisha yake yote ameandika riwaya za vita vya kwao Poland, na sasa anataka kuandika ya Wakamba waliopelekwa vitani na Mwingereza.

Leo tulienda kwa Nyanya Kalekye. Aliahidi kutueleza jinsi babake alivyorudi kutoka vitani akakuta nduguye amechukua shamba lake. Tulipata nyumba imefungwa kwa kufuli. Uani alisimama mwanamume aliyejitambulisha kuwa mjukuu wa yule ndugu.

“Nyanya tumemhamisha,” akasema. “Mwambie huyu mzungu hiyo story imeisha.” Kisha akanitabasamia. “Na Ndanu wako, bado anasoma Emali?”

Sijawahi kumwona mtu huyo.

Njiani nilimweleza Halina kila neno. Akasema hata kwao, riwaya yake ya kwanza ilileta wanaume kama huyo mlangoni.

“Na waliishia kuongea tu?”

Aligeuza uso, akatazama mashamba.

Kesho asubuhi naenda Emali kumchukua mtoto wangu. Kitabu kitajijua.