Mkanda wa Aline

Alhamisi, baada ya kula

Na bado haupiti masikio. Mkanda wa kichwa ninaomfumia mwanangu Aline, wa sufu nyeupe na bluu, umekuwa mgumu kama kamba. Kosa ni langu: kila nikibadili rangi, nilivuta mno uzi unaopita kwa nyuma. Sasa hautanuki. Na kule Kanada baridi imeshaanza.

Niliujaribu kichwani mwangu. Tangu aondoke, kichwa kingine humu ndani hakuna.

Leo jirani, Mama Divine, amekuja kuomba chumvi. Nikamwambia, "Niazime kichwa chako kidogo."

Akacheka. "Na joto hii yote ya Buja, we unafuma sufu?" Lakini akakaa. Nikamvisha, nikamsogezea nywele nyuma ya masikio, polepole. Sikumbuki mara ya mwisho kumgusa mtu.

"Inanibana, Mama Aline," akasema. Nikanyoosha mkono. "Apana, usitoe kwanza."

Alipoondoka nimeufumua wote. Safari hii nyuzi za nyuma nitaziacha zilegee.

Nimemwomba arudi Jumamosi tupime tena. Sikumwambia kwamba kipimo ninacho tayari.