Mrija wa Mzee Barasa

Kitale,
Jumapili, mwezi wa nane.

Kwa dada yangu mpendwa Rispah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku Kitale. Natumaini zitawakuta wazima huko Bungoma, wewe na shemeji Wamalwa, pamoja na yule ng'ombe wako mwenye kiburi. Sisi hatujambo. Mvua inanyesha kila alasiri mpaka karakana yangu imekuwa bwawa, na wakulima wameanza kuniletea mashine za kupukuchua mahindi hata kabla mahindi yenyewe hayajakauka, kila mmoja akitaka awe wa kwanza. Mke wangu Chelagat anakushukuru kwa mbegu za managu. Zimeota vizuri, na sasa tunakula managu mpaka tumeanza kuonana kijani.

Najua utashangaa kuona karatasi, na wewe ulinipigia simu Jumatano tu. Lakini kwenye simu ungenisikia sauti, ungeanza kunihurumia kabla sijamaliza, nami ningenyamaza katikati. Kwa hiyo nimeiweka barua hii ndani ya begi la sare za Nelima ninalokutumia, chini ya sweta. Tafadhali usinipigie kabla hujaisoma mpaka mwisho.

Jumatano uliniambia kwamba binti yangu anakusaidia kazi vizuri na anakuchekesha, ila ana tabia moja usiyoielewa. Shemeji akirudi jioni, Nelima hamsalimii kabla hajaona ameweka wapi koti lake. Likitundikwa kwenye msumari, anakuja mbio na chai. Likitupwa kwenye kiti, anatoka nje taratibu kwenda kuangalia kuku ambao wameshafungiwa. Ulicheka sana, ukasema mtoto wa miaka kumi na mmoja anamkagua mwenye nyumba kama chifu. Kisha ukasema kwamba shule zikifunguliwa hataki kurudi Kitale, ukaniuliza kama tulimkosea. Nikakwambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri, dada.

Unakumbuka mrija wa baba wa kunywea busaa? Mimi naukumbuka kuliko ninavyoikumbuka sura yake. Ule lusekhe wa Mzee Barasa ulikuwa mrefu kuliko sisi sote, mweusi kwa moshi, na ncha yake imefumwa kichujio kidogo ambacho hakuna aliyeruhusiwa kukigusa ila wewe. Siku ya busaa nyumba yetu ilinukia pombe ya nafaka kutoka barabarani. Mama alikaanga unga kwenye bati pale uani, sisi tukiiba yale mabonge ya moto na kuyarusha mkono huu na mkono huu mpaka yapoe. Wazee walifika na mirija yao, wakazunguka chungu kwenye vigoda, na baba akaanza kuimba. Hakuna mtu aliyeimba kama baba kabla jua halijazama. Nilikuwa nakaa mlangoni, nikiona fahari kwamba mtu yule ni wangu.

Halafu kesho yake tulikwenda mtoni kuosha mrija, wewe umeshika mbele, mimi nyuma, tukitembea kama watu waliobeba ngazi. Ulivuta maji ukanipulizia usoni. Nilicheka mpaka nikaanguka kwenye matope, nawe ukanifua na shati likiwa mwilini. Dada, nikikaa peke yangu karakanani nayatamani mambo hayo.

Lakini kuna jambo ambalo hatujawahi kulizungumza tukiwa watu wazima. Wewe ndiye uliyenifundisha kuusoma mrija. Baba akirudi kutoka kwa watu, akauchomeka mahali pake kwenye paa, tulikuwa salama na tungekula pamoja naye. Akiutupa pale mlangoni, ulinishika mkono, ukanivalisha sweta, tukaenda kwa Kukhu. Bibi yetu hakuuliza kitu. Alitusogezea tu viazi. Mimi nilikuwa na miaka mitano na nilidhani kila nyumba huishi hivyo.

Baba alipofariki, miaka minne iliyopita, wajomba na baba wadogo walibishana mrija upewe nani. Wewe ukasimama mbele ya watu ukasema upewe Kizito, kwa sababu Kizito hanywi hata soda bila kuinusa kwanza, na kwake utatulia. Watu walicheka, nami nikaupokea kwa mikono miwili. Mpaka leo, naambiwa, bado unawasimulia akina mama wa chama chako kwamba una kaka ambaye pombe haimjui.

Inanijua, dada. Inanijua vizuri.

Ilianza mwaka ule ule baada ya mazishi. Nilikuwa Kiminini kutengeneza mashine ya mzee mmoja, na nilipomaliza nikawakuta wazee wamezunguka chungu. Ile harufu ilinisimamisha mlangoni. Mwenye nyumba, ambaye baba alikuwa akienda kunywa kwake, akaniambia mtoto wa Barasa hawezi kupita hivi hivi, akanikalisha mahali ambapo baba alikuwa akikaa. Nilivuta mara moja machozi yakanilenga. Nilidhani nimempata baba. Juma lililofuata nilirudi nikiwa na mrija wake, na sikuwa naenda kulewa, nilikuwa naenda kumtafuta. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya miaka miwili. Baadaye busaa ikawa haitoshi, nikahamia chang'aa, ile pombe kali ya magendo, ambayo haihitaji mrija wala wazee wala wimbo. Na bado nilikuwa nautembeza ule mrija begani ili nionekane mtu wa mila. Nilimfundisha hata Nelima kuuosha. Niliona ninampa kitu kizuri tulichokuwa nacho sisi.

Mwezi wa sita shuleni kwao kulikuwa na siku ya wazazi. Nilifika mchana, nimeshakunywa, nikiimba wimbo wa baba. Watoto walicheka. Mwalimu alimuuliza Nelima kama huyo ni babake. Dada, nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka kwake. Mtoto wangu akamwambia mwalimu kwamba hapana, huyo ni fundi wa baba, baba yuko safarini. Kisha akanitazama, na nikaona anaogopa nitamuumbua. Nikamwambia mwalimu ni kweli, mimi ni fundi tu, nimetumwa kuchukua ripoti. Mwalimu hakunipa. Nilitoka nje ya lango nikakaa kwenye nyasi, na pombe yote ikawa imenitoka kichwani.

Juma hilohilo nilirudi nyumbani nikautupa mrija mlangoni. Sikujua nimeutupa. Nilimwona Nelima akiutazama, kisha akachukua sweta ya mdogo wake, akamvalisha, akamshika mkono, wakaenda kwa jirani. Dada, mimi sikuwahi kumwambia habari zetu. Hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwangu, kama wewe ulivyojifunza kwa baba. Kwa hiyo hilo koti la shemeji sasa unalielewa.

Nilitaka kuuchoma mrija. Chelagat aliniambia kwamba si mrija uliokunywa, nikaona aibu nikauacha. Alinisindikiza kwenye zahanati. Daktari alinikataza kuacha ghafla kwa siku moja, kwa kuwa asubuhi mikono yangu ilikuwa inatetemeka kiasi cha kushindwa kushika spana, na mwili uliozoea hivyo unaweza kuzidiwa. Ninapunguza kidogo kidogo, na kila Alhamisi naenda aniangalie. Chang'aa sijaigusa juma la tano sasa. Busaa nimebakisha Jumamosi, na Jumamosi iliyopita nilizidisha, sikufichi. Nimewaambia wateja wa Kiminini walete mashine hapa mjini. Wengine wamenuna.

Ninachokuomba ni hiki. Mwandikishe Nelima shule ya hapo karibu kwa muhula huu wa tatu. Barua ya uhamisho iko kwenye mfuko wa pembeni wa begi. Chelagat amelia, lakini amekubali. Usimwambie mtoto kwamba baba ameacha pombe, kwa sababu sijaacha, na yeye atajua. Mwambie ninapunguza. Mwambie pia kwamba hakukosea kukataa kurudi, na umwambie mara mbili, kwa maana mara ya kwanza hataamini.

Na wewe, nisamehe kwa jina zuri ulilonipa mbele ya watu. Waambie wale akina mama ukweli ukipenda.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tisa nitakuja Bungoma, asubuhi, sijaonja kitu. Sitabisha hodi. Nitasimama langoni mpaka Nelima mwenyewe anione. Akija, nitashukuru. Akiingia ndani, usimwite wala usimkaripie. Nitarudi Kitale, na Jumamosi inayofuata nitakuja tena kusimama palepale.

Msalimie shemeji. Chelagat na mwanangu mdogo wanakukumbuka sana. Nelima usimpe salamu zangu. Hizo nitazileta mwenyewe, na kama hatazipokea nitazidi kuzileta.

Ni mimi mdogo wako,
Kizito Barasa.