Salamu Katikati ya Mwamba

Jumamosi.

Na mguu haukugusa chini! Mimi, na kitambi hiki.

Nilikuwa nimeapa: nikikanyaga tena chini nikipanda ule mwamba wa Kasoli, pikipiki hii ya kupandia miamba, isiyo na kiti, naiuza. Nikiwa katikati, mama mmoja mwenye kuni kichwani akanisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba!" Mkubwa akisalimu, unasimama. Nikasimama juu ya vikanyagio, tairi hazizunguki, mguu haujashuka, nikaitikia. Akauliza nyumbani, ng'ombe, pamba, mvua. Nikajibu vyote.

"Kiti wamekuibia?"

"Hizi hazinaga kiti, mayu," nikamjibu mama.

"Pole, baba."

Alipokwenda nikapanda hadi juu, nikaitazama mikono yangu kama ya mtu mwingine. Tangu niinunue, sijawahi kutulia juu yake hata pumzi moja bila kukanyaga chini.

Siiuzi.