Simu ya Ijumaa na Betri ya Bibi Yako

Mtaa wa Tichla,
Kambi ya wakimbizi ya Auserd,
Upande wa Tindouf.
16 Machi 2008

Mpendwa mpwa wangu Daha,

Salamu zikufikie huko Vitoria kwenye mvua zenu. Natumaini u mzima, kile kifua hakikubani tena, na kazi yako ya kupaka rangi majumba ya watu inaendelea. Mimi ni mzima kabisa. Nina miaka hamsini na miwili, na juzi nimebeba betri ya lori begani kutoka kwenye tangi la maji hadi hemani bila kutua hata mara moja. Waliokuwepo walisema hawajawahi kuona. Bibi yako naye anasali, anakunywa chai yake glasi tatu, anapumua. Mambo yake mengine nitayafikia.

Barua hii anakuletea Deida, jirani yetu, anayekuja huko na msafara wa akina mama. Nimeiandika kwa mkono wangu. Mwandiko ukikushinda, lawama ni za yule mwalimu Mhispania aliyenifukuza shule mwaka wa tatu kwa kuona nitamzidi. Nimeandika kwa sababu namba zako zote tatu nilizonazo, nikizipiga, mwanamke ananijibu Kihispania kwamba hakuna mtu kama huyo duniani.

Huku upepo umevuma siku tisa. Mchanga umeingia kwenye unga, kwenye sukari, hata kwenye maneno. Mbuzi wawili wamekufa. Yule mweusi aliyekuwa akila maboksi yupo, ananenepa.

Sasa Daha, nikuulize. Unaikumbuka ile simu uliyomtumia bibi yako miaka mitatu iliyopita? Ndogo, ya kijivu, na maneno uliyompa Deida amfikishie: "Mwambie nitapiga kila Ijumaa baada ya sala." Ulipiga Ijumaa kumi na moja. Nilizihesabu mimi, yeye hakuhesabu, kwa sababu mtu hahesabu kitu anachodhani hakitakwisha. Ya kumi na mbili ulikuwa na shughuli. Ya kumi na tatu sijui ulikuwa na nini. Baada ya hapo ikawa kimya, mwaka, na mwaka mwingine.

Wewe ukiwa huko unachomeka simu ukutani kama unavyotundika kofia. Huku kuta ni za turubai. Ngoja nikwambie simu ile ilikuwa inapata wapi uhai, maana nadhani hujawahi kujiuliza.

Bibi yako ana ile sola moja, ukubwa wa sinia la nyama, na betri moja ya lori iliyokwisha kulitumikia lori lake. Alhamisi asubuhi anaitoa sola, anaifuta vumbi kwa ncha ya melhfa aliyojitanda, anaiegemeza kwenye jiwe. Anapika chai. Glasi ya kwanza, sola inatazama mashariki. Glasi ya pili, anainuka na magoti yale unayoyajua, anaigeuza kidogo. Glasi ya tatu anaigeuza tena. Wageni wakija wanajua hawezi kusimulia habari hadi mwisho bila kuinuka kuigeuza sola yake ilifuate jua. Tangu Jumanne hawashi redio, na wewe unajua mama yangu na redio. Taa hawashi. Anakula kwa kupapasa. Chote kinachoingia kwenye betri anakiwekea Ijumaa. Ijumaa anachomeka simu, anaiweka kwenye mto, ule mto mwekundu wa wageni, anakaa mbele yake na kuingoja hadi sala ya alasiri. Kisha anaizima, anasema, "Labda leo kazini wamemchelewesha." Wamekuchelewesha miaka miwili, kijana wangu.

Na mambo ya betri, huku fundi ni mimi. Si kwa kujisifu. Wakati wa vita, redio ya kikosi chetu ilikufa katikati ya jangwa, nikafunga dinamo ya baiskeli kwenye kifuniko cha pipa, upepo ukakizungusha, na redio ikaita kwa nguvu hadi tukajibiwa na meli. Meli, Daha! Bahari ilikuwa mwendo wa siku nne. Waliokuwepo wengi wamekufa, lakini mmoja yupo kambi ya Smara, kamuulize. Mhandisi mmoja Mwitaliano aliyekuja kufunga sola kwenye zahanati alitazama kazi yangu, akavua miwani, akaifuta, akatazama tena.

Kwa hiyo mwaka jana, mwezi wa saba, Tfarah binti wa Abdati alipoolewa, nani aliitwa kwa ajili ya kipaza sauti? Mimi. Ila Mahayub, yule mwenye jenereta lililokohoa tangu siku ya kwanza, akasimama mbele ya wanaume wote.

"Sueilem, jua lako hilo linatosha kuwasha meno yako tu."

"Jenereta lako litakunywa mafuta yote ya harusi, na bibi harusi atanuka dizeli," nikamwambia.

"Basi piga muziki siku mbili bila kuzima. Ukizima, unakuja kuazima kwangu mbele ya watu wote."

"Siku tatu!"

Wakacheka, wakapiga makofi. Siku tatu, mimi mwenyewe nilisema. Hakuna aliyenilazimisha.

Betri zangu mbili zilimaliza siku moja na nusu. Alhamisi mchana kipaza kikaanza kuongea kama mlevi, na Mahayub akaanza kusogea taratibu, akitabasamu. Bibi yako alikuwa upande wa wanawake, anasaidia kupika nyama ya ngamia. Nikaenda hemani kwake. Nikachomoa betri yake. Nilijiambia naiazima kwa saa moja, nitairudisha kabla hajanawa mikono.

Muziki ukarudi, watu wakashangilia, nikabebwa juu. Nilipoikumbuka ile betri jua lilikuwa limeshazama, na ilikuwa moto, imekauka, inatoa harufu ya yai bovu. Ilitaka maji. Na hapa Daha, nisikilize. Kwa miaka mingi nimewaambia watu wa mtaa huu kwamba maji ya betri yanayouzwa kule Rabuni ni wizi wa wafanyabiashara, maji ni maji. Nimesema hivyo mbele ya wazee. Ningekwenda sasa kugonga kwa nani, na Mahayub anatazama? Nikachukua maji ya tangi letu, haya haya yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, haya yanayotupa mawe kwenye figo, nikaimiminia kila tundu mpaka juu. Nikairudisha mahali pake. Nikaifunika na kitambaa chake jinsi alivyokuwa ameifunika.

Ijumaa akachomeka simu. Haikuwaka.

"Sueilem, njoo uiangalie hii."

Nikashika waya, nikapuliza, nikagusa huku na kule. "Vumbi tu, mama. Ngoja kidogo."

"Sala imeshakwisha."

"Ngoja kidogo."

Akaiweka kwenye mto hivyo hivyo, imekufa, akaiwekea kiganja juu kama unavyompima mtoto homa. Akakaa hadi alasiri. Hakusema kitu kuhusu kazi yako.

Jumapili nilimwomba dereva wa lori la maji aichaji simu kwenye gari lake. Alipoirudisha niliiwasha mbele ya bibi yako, ikalia. Ujumbe. Namba ya Hispania, inaanza na thelathini na nne, imetafuta simu hii mara tatu siku ya Ijumaa. Saa saba na dakika arobaini. Saa nane kasoro dakika nane. Saa nane na robo. Nilisoma miaka mitatu tu, lakini tarakimu nazijua.

Yeye, kama ujuavyo, hasomi. Akaniangalia usoni.

"Inasema nini?"

"Kampuni ya simu hao. Matangazo."

"Kampuni inapiga Ijumaa?"

"Biashara haina aibu, mama."

Kisha akaniuliza kama betri imepona, nikamwambia imezeeka, imekufa kifo chake. Huo ukawa uongo wa pili, na wa kwanza ulikuwa bado haujapoa. Mimi Sueilem niliyezungumza na meli, nilishindwa kumwambia mama yangu kwamba mjukuu wake alimtafuta, kwa sababu ningelazimika kumwambia kwa nini hakumpata.

Niliipiga ile namba. Mwanamume mmoja akanijibu kwamba hapo ni duka la watu kupigia simu, watu mia wanaingia kwa siku, hakumbuki mtu.

Sasa usijitandaze ukaona lawama zote zangu. Yangu nimeyaandika hapo juu kwa wino. Yako ni haya: dakika thelathini na tano ndizo ulizomtafuta bibi aliyekulea tangu dada yangu afariki. Saa nane na robo ukachoka. Hukurudi Ijumaa iliyofuata, wala iliyofuata hiyo, miezi minane sasa. Yeye aliinuka na magoti yale kugeuza sola mara tatu kila Alhamisi kwa miaka miwili. Wewe kidole tu kilikuuma. Huko wanawafundisha nini, kwamba mtu asipopokea mara tatu basi amekufa? Ungekuwa karibu ningekuchapa, na bado nina mkono wa kukuchapa, muulize Deida.

Baada ya harusi nilimpa betri moja kati ya zangu. Aliipokea. Aliendelea na Alhamisi zake, lakini niliona anaigeuza sola mara mbili badala ya tatu. Halafu mara moja. Mwezi uliopita nikaenda kwake Alhamisi nikakuta jiwe lipo, sola haipo. Nikazunguka nyuma. Ameifunga kwa waya kwenye zizi la mbuzi, pale palipotoboka, kioo kimetazama chini. Mbuzi wamelala kwenye kivuli chake.

"Mama, hiyo ni sola!"

"Najua ni nini."

"Na Ijumaa je?"

Akaendelea kuwatupia mbuzi maganda. "Hawa angalau wakiitwa wanakuja," akasema.

Ndiyo maana nakuandikia. Redio sasa anaiwasha siku yoyote, taa anawasha, betri niliyompa aimalize tu, anakula akiona chakula chake, na majirani wanasema bibi yako Maglaha amechangamka. Mimi namjua. Mto mwekundu ameutoa kwa Tfarah, anayekaribia kujifungua. Ile simu iko ndani ya sanduku, imeviringishwa kwenye kitambaa kile alichohifadhia nywele zako za kwanza.

Sikiliza nilichofanya. Nimeitoa sola zizini na kuziba pale kwa bati. Hakunizuia, hakunisaidia. Nimechukua betri yangu ya mwisho, ile ya televisheni, ndiyo hiyo niliyoibeba begani. Kwa siku sita nimechemsha birika na kufunika mdomo wake kwa sahani baridi, nikichuruza tone baada ya tone kwenye chupa, mpaka nikapata maji safi ya kuijaza. Mahayub alipita akaniona nimechuchumaa.

"Fundi, si ulisema maji ni maji?"

"Nilisema," nikamjibu. Basi. Akangoja nimalizie, sikumalizia, akaenda zake. Usimwambie mtu habari hiyo huko.

Ijumaa ya tarehe kumi na moja mwezi wa nne, baada ya sala, simu itakuwa inawaka. Alhamisi nitaigeuza sola mimi mwenyewe, glasi kwa glasi. Piga. Asipopokea mara ya kwanza, vidole vyake ni vizito. Mara ya pili, anatafuta kitufe. Mara ya nne, anakukasirikia, na ana haki. Piga hadi alasiri, na usiku hesabu hasara yako.

Akipokea, kabla hujamwambia habari za mvua na rangi, mwambie kwamba mwaka jana Ijumaa ile ulipiga. Mwambie saa, nimekuandikia. Atakuuliza kwa nini haikuita. Mwambie akaniulize mimi. Nitakuwa nimekaa pale pale, nimeshika waya, sina pa kukimbilia.

Tfarah na Abdati wanakusalimu. Nuena, mke wangu, anakusalimu na kusema mume wake anaongea sana. Msalimie Deida umshike mkono, magoti yake nayo si mazima sana. Bibi yako hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo hajatuma salamu. Mungu akulinde na baridi, akupe kazi isiyokuvunja mgongo, na akurudishe huku ungali unaijua njia ya hemani.

Ni mimi mjomba wako, ninayekupenda hata nikikutukana,

Sueilem